Kilichokuwa Ndani ya Kofia ya Mzee Kufuli

Kwako Baba, uliyeondoka na goti lako na siri zako,

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia. Tangu tulipokuzika kule nyumbani, watu wengi wameniambia nikuandikie barua, eti inapunguza uchungu, nami nikawa nawajibu kwamba wewe na mimi tulikwisha kuandikiana vya kutosha. Hawakuelewa na sikuwaeleza. Leo nakuandikia kwa sababu nimekasirika. Tena nakuandikia wazi, kila mtu asome, maana jambo lililokuwa letu wawili umeshalianika mwenyewe. Juzi nililiona likioneshwa kwenye ukuta mzima kule Karen kwa matajiri, mbele ya watu waliokuwa wakila bisi.

Wewe unajua yote haya, lakini acha niwaeleze wanaosoma, kwa sababu wengine walikuwa hawajazaliwa.

Nilipokuwa mtoto, kila Jumapili jioni kulikuwa na kipindi cha kuchekesha kwenye televisheni kilichoitwa Milango Kumi. Kilihusu ploti moja ya vyumba kumi vya kupangisha, na wewe ndiwe uliyekuwa Mzee Kufuli, keateka, yaani mtunza nyumba, wa ploti hiyo, na mzigo wa funguo kiunoni. Jumatatu hadi Ijumaa ulikuwa fundi wa makochi pale Riruta, unashona viti vya watu kando ya Naivasha Road huku vumbi likikuingia puani. Jumamosi ulikuwa Kufuli. Nchi nzima ilijua maneno yako: "Mimi siulizi, nauliza tu!" Na ilijua kofia yako. Kufuli akibanwa na swali, alivua kofia yake ya kahawia, akatazama ndani kwa muda mrefu kama mtu aliyeangusha sarafu kisimani, akaivaa tena, ndipo akajibu uongo mtupu. Watu walikuwa wakicheka hata kabla hajafungua mdomo.

Walichokuwa hawajui ni kwamba ulikuwa unasoma.

Milango Kumi haikuwa na maandishi hata ukurasa mmoja. Mwelekezi wenu, yule mliyemwita Mwalimu, aliwakusanya Ijumaa mkitoka kazini, akawasimulia hadithi ya wiki hiyo kwa mdomo, kila mtu akaenda kwake na sehemu yake kichwani. Kesho yake mlisimama mbele ya kamera na kutunga maneno papo hapo. Wenzako waliweza. Wewe kichwa chako kilikuwa chepesi kwa utani na kizito kwa mpangilio. Ukifika katikati ulishasahau nani kaiba nini cha nani. Ndipo ukanijia mimi, mtoto wa miaka tisa, kwa sababu mwalimu wangu wa shule alikuwa amekusifia mwandiko wangu.

"Mama, andika kubwa kubwa kama ya ubao," uliniambia. "Haya macho yangu imeanza kukataa."

Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, hata ndugu yangu Joshua hakuruhusiwa.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya na Joshua yuko uwanjani na mpira wake wa makaratasi. Tulibaki wawili kwenye meza ndogo. Ulikuwa na mkasi wako mkubwa wa kukatia vitambaa, ukakata nusu ya ukurasa wa daftari langu, ukaniambia hadithi, nami naandika. Mistari mitano. Zaidi ya hapo haikutosha. Gundi tuliikoroga wenyewe, unga wa ngano na maji moto kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Ulibandika karatasi ndani ya kofia, ukaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Karatasi moja naikumbuka mpaka leo, nikaifunga kichwani kama aya ya Biblia: Maji yamepotea. Unamshuku wa mlango wa nne. Kumbe ni wewe ulifunga mfereji. Usikubali. Ondoka kwa hasira.

"Hii ni yetu wawili," ulisema siku ile ya kwanza. "Hata mama yako usimwambie. Watu wakijua nasoma, hawatacheka."

Sikumwambia. Mama alikufa bila kujua. Sikumwambia Joshua, sikumwambia rafiki, na nilipoolewa sikumwambia mume, na nilipoachana naye bado nilikuwa sijamwambia.

Jumapili jioni chumba chetu kilikuwa kinajaa mpaka mlangoni. Sisi ndio tuliokuwa na televisheni, na wewe ndiwe uliyekuwa ndani yake, kwa hiyo majirani waliona wana haki mara mbili. Watoto chini, kina mama kitandani, wanaume wamesimama. Wewe ulikaa kwenye kochi la mteja ambalo halijavishwa kitambaa, ukijitazama kwa uso mkavu kana kwamba humjui yule mtu. Kufuli anavua kofia, chumba kinalipuka, nawe unajikuna sikio. Kule kujikuna kulikuwa salamu yangu. Nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya miguu ya watu, na katika nchi nzima ni mimi tu niliyejua kwamba kinachochekwa ni mwandiko wangu.

Nikuambie ukweli, Baba, sijawahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile.

Unakumbuka mandazi? Lazima ukumbuke, maana ndiyo uliyowapa wale wa Karen. Kuna Jumamosi karatasi ilibaki na nafasi kidogo chini, nami nikaongeza mstari wa sita bila kukuambia: Baba, usisahau mandazi. Jioni ukarudi na mandazi sita yamefungwa kwa gazeti, ukayaweka mbele yangu. Sikuelewa kilichotokea mpaka Jumapili. Wapangaji wanamzunguka Kufuli, wanamuuliza nani kavunja mlango wa choo. Kufuli anavua kofia. Anatazama. Halafu mabega yanaanza kutikisika, anajaribu kujizuia, anashindwa, anafunika uso mzima na ile kofia na kucheka mpaka funguo zinalia kiunoni. Wenzako walishangaa, kisha nao wakaangua kicheko. Mwalimu hakukata kipande hicho. Kufuli hakuwahi kucheka kabla ya hapo na hakucheka tena baadaye, na wiki nzima wanaume wa Riruta walikuwa wakiigiza kicheko kile barabarani. Walidhani ni uigizaji.

Nilipofika miaka kumi na tatu nilikuomba unipeleke studio. Nilitaka kuona tu. Hapana, nadanganya, nilitaka Mwalimu anione, anipe hata kimlango cha kufungua. Uliweka mkasi chini.

"Studio si mahali ya wasichana, Mama," ulisema. "Kazi yako iko ndani ya kofia."

Nilikubali. Kibaya zaidi, nilijivunia. Nilijiambia kwamba kila mtu anaweza kuwa kwenye televisheni, lakini ndani ya kofia ni mimi peke yangu. Kipindi kikaisha miaka michache baadaye, nami nikasoma uhazili, nikapata kazi ya ofisi mjini, ghorofa ya nne nyuma ya Tom Mboya Street, na mpaka leo nachapa barua za watu wengine.

Sasa tuje kwenye yale yaliyoniuma.

Mama alipofariki ulihamia kwangu. Siku moja wakaja wawili wa kampuni ya filamu, kijana na msichana, wastaarabu, wamebeba kompyuta. Walitaka kuifanya Milango Kumi filamu ya kisasa. Niliwapikia chai nikawa nasikiliza kutoka jikoni. Ploti ingekuwa jumba la ghorofa. Wapangaji wangekuwa na kikundi cha simu cha kulalamikia. Lango lingefunguliwa kwa kidole. Uliwasikiliza mpaka mwisho, ukawashukuru, ukasema, "Kufuli alistaafu. Mwacheni alale." Walipotoka ukaniambia nikuchapie barua ya kukataa, iwe na heshima lakini isiwe na mlango. Niliichapa saa ya chakula cha mchana, nikakuletea, ukatia sahihi yako ile inayotetemeka.

"Hawa watoto hawana ubaya," ulisema. "Lakini wataanza kueleza. Ile kitu ilikuwa inachekesha kwa sababu hata sisi hatukujua kwa nini. Hata nikienda, Mama, usiwape. Niahidi."

Niliahidi nikiwa nimeshika mkono wako. Hukuwa mgonjwa wakati huo, ila goti.

Toka siku hiyo nikawa wakili wako bila kulipwa neno zuri. Pale ofisini kuna wanaosema vipindi vya zamani lazima vifufuliwe, watoto wa siku hizi hawana cha kwao cha kuchekea, wanacheka vya wageni. Niliwakatalia kila mara. Niliwaambia Milango Kumi ilichekesha kwa sababu tulikuwa na mfereji mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo na televisheni moja, na ukicheka ulikuwa unamtazama jirani yako machoni. Leo kila mtu anacheka na simu yake, ameinama. Ukibadilisha mfereji, ukabadilisha ploti, ukabadilisha lugha, ukabakisha jina tu, umefufua nini? Na usipobadilisha kitu, nani atacheka? Nilikuwa mkali. Wengine walianza kunikwepa kwenye ngazi. Lakini chini ya hoja zangu zote nilikuwa nimesimama juu ya neno lako, na nilidhani pale ni saruji.

Ukaondoka. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Asubuhi moja niko kazini, mwenzangu akanisukumia simu yake. Picha: mwanamke wa miaka thelathini hivi, funguo kiunoni, kofia ya kahawia kichwani. Juu yake wameandika kwamba Kufuli anarudi.

Mwanamke, Baba. Studio si mahali pa wasichana.

Sikumaliza kazi siku hiyo. Nilikwenda moja kwa moja Riruta, kwenye karakana yako ambayo sasa ni ya Joshua. Nilijua ni yeye tu angeweza kutia sahihi nyuma yangu. Nilimkuta na wateja wawili, anapigilia misumari kochi. Nikafungua mdomo wangu.

"Umemuuza Baba!" nikamwambia. "Umemuuza na hata miaka mitatu haijaisha!"

"Sister, enda nyumbani," akasema polepole kwa pembe ya mdomo. "Ukitulia utakuja tuongee."

"Tuongee nini? Wewe hukuwahi kumjua Baba. Ulikuwa unaishi naye tu."

Alikuwa na misumari midomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo, akanitazama. Akarudi kwenye kochi lake. Wateja waliangalia chini. Nikaondoka, na kwa miezi minane sikumpigia simu, na watoto wake wakija kunisalimu nilikuwa nawapa chai na kuwarudisha kabla hajaja kuwachukua.

Kwa ile kampuni niliandika barua kali kuliko zote nilizowahi kuchapa. Niliambatanisha nakala ya kukataa kwako. Walinipigia simu, yule kijana mstaarabu.

"Madam, tafadhali kuja uone kwanza," akasema. "Kuna kitu Mzee alituachia. Ukimaliza kuona, tutaongea."

Ndipo nikaenda Karen, kwenye ukumbi mdogo ambako walikuwa wakiwaonesha watu wachache filamu kabla ya uzinduzi. Nilivaa ile suti yangu ya mazishi. Nilikwenda nikiwa tayari kuchukia, na mwanzoni walinisaidia sana: jumba la ghorofa linang'aa, maneno nusu Kiingereza, mpangaji mmoja analia na mbwa wake. Nikakunja mikono. Nikasema moyoni, Baba, nilikuwa sahihi.

Halafu akaingia.

Hakuingia yule mwanamke, uliingia wewe. Ule mguu wa kushoto unaochelewa kidogo. Ule mkono unaobana funguo zisilie kabla hajagonga mlango, ili awafumanie. Aligonga mara tatu akaingia kabla ya kuitikiwa, akavuta pumzi kwa pua, akasema, "Mimi siulizi." Ukumbi mzima ukamalizia: "Nauliza tu!" Na mimi nikacheka. Nilikuwa na mkono mdomoni na machozi machoni na nikacheka kwa sauti, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa inachekesha.

Wapangaji wakambana. Akavua kofia. Akatazama ndani. Watu wakacheka vilevile kama zamani, kabla hajajibu. Wangeishia hapo, Baba, ningewasamehe ghorofa na mbwa na yote. Lakini kamera ikaanza kushuka. Ikapita bega lake, ikaingia ndani ya kofia, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuingia. Kulikuwa na karatasi ya daftari, pembe zimekauka gundi. Mistari mitano kwa mwandiko mkubwa wa mtoto. Na wa sita chini yake: Baba, usisahau mandazi.

Wakaweka muziki. Fidla. Kicheko kikafa ukumbi mzima kama mtu amezima taa. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akasema kwa huruma, "Aki woiye," akatoa kitambaa kufuta macho. Nilitaka kumwambia, mama, usilie, hii haikuwa ya kulia. Hii ilikuwa ya kucheka, na kulikuwa na watu wawili tu duniani waliojua kwa nini, na mmoja wao amekufa. Lakini ningemwambiaje, wakati huyo aliyekufa ndiye aliyewaambia?

Filamu ilipokwisha, yule kijana alinionesha karatasi ya mkataba. Sahihi yako, inayotetemeka vilevile. Uliitia miezi minne baada ya ile barua niliyokuchapia.

Halafu akaja yule mwigizaji. Anaitwa Muthoni. Amevua kofia, ana nywele fupi, mdogo kuliko alivyoonekana kule juu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndio Mama?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Jina hilo uliniita wewe peke yako.

Alinieleza bila kuficha, na sikumwona na ubaya. Zile Jumatano, Baba. Zile Jumatano zote ulizoniambia unakwenda Adams Arcade kukandwa goti. Nilikuwa nakutayarishia chupa ya chai na kukufunga shali, na baada ya muda ukaanza kuomba kikombe cha pili, nikakuuliza cha nani, ukasema daktari naye anapenda chai ya nyumbani. Niliona fahari, nikaongeza tangawizi. Kumbe kulikuwa na chumba cha kukodi juu ya duka, na ndani yake mzee wa miaka sabini na kitu akimfundisha msichana kuchelewesha mguu wa kushoto.

"Chai yako ilikuwa tamu sana, Auntie," Muthoni aliniambia. "Mzee alikuwa anasema tusiimalize mapema."

Nikamuuliza kwa nini ulibadili nia. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mimi ndio nilimwambia zile kanda za Milango Kumi zilifutwa. Walirekodi vitu zingine juu yake, zamani. Hakuna hata moja imebaki. Nilidhani anajua." Akaniachia mkono. "Alikaa hapo, anasugua mguu. Halafu akasimama na lile goti lake, akaniambia, 'Kuja hapa. Wewe sasa ndio utakuwa kanda.'"

"Na kuniambia mimi?"

"Alisema ulikuwa umemwandikia barua ya kukataa, smart sana. Alisema hawezi kukuambia amegeuka. Nilimwambia mara mingi, aki, nilimwambia, 'Mzee, mwambie.' Alisema, 'Wiki ijayo.' Na ile karatasi ya kofia... alisema akikufa hajasema, hakuna mtu hata mmoja atajua ni wewe ulikuwa unaandika."

Akanielekeza kwenye bango la ukutani. Chini kabisa, penye majina madogo, wameandika: Hadithi asili. Kisha jina langu lote, na jina lako mwishoni. Watu waliokuwa wanatoka walianza kunipigia makofi. Nilibaki pale na suti yangu ya mazishi nikipigiwa makofi.

"Na ndugu yangu?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Joshua? Yeye ndio alikuwa anamleta na kumrudisha. Mzee alimwapisha."

Kwa hiyo ulitugawa, Baba. Mimi uliniahidisha nisikubali, yeye ukamwapisha asiseme, halafu ukaenda zako kulala, ukatuacha huku tukilinda amri mbili zinazogombana. Nilimtukana ndugu yangu mbele ya wateja wake, nikamwambia hakukujua, na yeye alikuwa na misumari mdomoni na siri yako juu yake, akanyamaza. Nimelifikiria hilo zaidi ya yote. Ulinichezea shere mimi, sawa, mimi ni wako. Lakini uliniacha nimwonee Joshua.

Halafu kuna hili la kanda. Nimejaribu kulimeza, limekataa. Ulihitaji mtu wa kubeba ule mguu na zile funguo baada yako. Ulikuwa na mtu kama huyo, amelala chumba cha pili, aliyekuwa anakuigiza mbele ya kioo tangu akiwa na miaka kumi. Hukuwahi kuniona, kwa sababu nilifunga mlango. Kama ungeniuliza hata mara moja, Jumatano moja tu kati ya zile zote, ningeacha kazi. Ningeweka kofia kichwani na miaka yangu hamsini, nikachelewesha mguu mpaka unitoke. Mimi sikufaa kuwa kanda?

Na lile jina ukutani. Najua ulidhani unanilipa. Namjua baba yangu. Uliona aibu ya kuniweka gizani miaka yote ile, ukataka kunitoa nje mchana kweupe, watu waone. Ila hukuniuliza kama nilikuwa gizani. Sikutaka kujulikana, Baba. Nilitaka kuwa siri yako. Majina ukutani watu wanayo wengi, na lile jambo letu la kofia lilikuwa moja tu, nawe ukalitoa kwa watu wa Karen wapate kulia kidogo kabla ya kwenda kula.

Siwezi kusema filamu ni mbaya. Muthoni ulimfundisha sawasawa. Kule mbele walikuwa wamekaa watoto wa shule, na kabla ya ile fidla walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye kiti, na huyo hakuwahi kuona mfereji wa ploti maishani mwake. Kwa hiyo huenda nilikosea kwa wale wa ofisini. Nitawaambia Jumatatu, itaniuma. Wafufue wanachotaka. Waweke ghorofa, waweke wanawake, ilipaswa waweke wanawake tangu zamani. Lakini kofia wangeiacha imefungwa. Ulisema wataanza kueleza, na walipoanza, mwelezaji mkuu alikuwa wewe.

Nilirudi nyumbani nikatoa sanduku chini ya kitanda. Kofia yako halisi ninayo, uliniachia. Sikuwa nimeitazama ndani hata wakati wa mazishi, kwa sababu nilidhani najua kilichomo. Karatasi ya mwisho kabisa, tuliyoibandika wiki kipindi kilipokwisha, uliyoniambia hutaibandua. Nikaigeuza. Hakuna kitu. Imebaki alama ya gundi tu, duara la kahawia lenye makovu ya karatasi. Uliibandua ukawapelekea waige mwandiko.

Sasa wanaitaka na kofia yenyewe. Ijumaa ijayo kuna uzinduzi mjini, wanataka kuiweka kwenye kioo, mlangoni. Muthoni ameniomba kwa adabu. Nimemwambia hapana, na nimemwambia asichukulie vibaya. Nitakwenda huo uzinduzi, nitakaa kando ya Joshua akinikubali. Jumapili baada ya kanisa napita kwake kwanza. Sijui nitaanzaje. Labda nitaanza kwa kushika upande wa pili wa kochi.

Lakini kofia sitoi. Jana nilikoroga unga wa ngano na maji moto. Nimekata nusu ya ukurasa na kuandika kubwa kubwa kama ya ubao, maana sasa macho yaliyokataa ni yangu. Mistari mitano. Siri imepotea. Unamshuku Joshua. Kumbe ni Baba.

Wa nne na wa tano nimeiandika pia, nikaibandika karatasi ndani ya kofia, nikaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Hiyo siisemi hapa. Waliosoma mpaka hapa wanivumilie, na Muthoni anivumilie, na hata Joshua. Hiyo ni yetu wawili, Baba, na mmoja wetu bado anajua kunyamaza.

Lala na goti lako.

Ni mimi, binti yako, mwenye jina la mama yako.